Namwogopa Vizuri

Kama kulikuwa na neno lililomchosha Lea Kalinga tangu ahamie Mbeya kutoka Iringa, neno lenyewe ni "ndiyo, mama." Watu wa huku walilitoa bure na kwa moyo mmoja. Ukiwauliza mgonjwa atalala wapi, ndiyo, mama. Nani atamwogesha? Ndiyo, mama. Ukirudi juma linalofuata unamkuta mgonjwa pale pale ulipomwacha, na wenyeji wanakupokea kwa furaha kana kwamba umekuja kula Krismasi.

Mumewe alikuwa karani wa idara ya barabara, na aliletwa Mbeya kwa uhamisho mwaka hamsini na sita, masika yalipokuwa yanaisha. Mchungaji alipomwona mkewe kanisani, mama wa Kihehe mwenye sauti ya kufika mlima wa pili na miguu isiyojua kuchoka, akampa kazi ambayo wenzake wote walikuwa wameikwepa kwa adabu. Zahanati ya misheni ilikuwa na vitanda vichache, na kila kitanda kililaliwa na mzee aliyepona nusu, asiye na pa kwenda. Lea aende kwa ndugu zao, akae nao, apange nao nani atamtunza nani.

Kazi hiyo aliipenda, asikudanganye mtu. Kwao alimwona mama yake akimlisha babu, baba mkwe wake, mpaka pumzi ya mwisho, akimpigia magoti na kumnawisha mikono, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa Lea mambo yalikuwa mepesi. Mzee ana mwana, mwana ana mke, mke ana mikono miwili. Tatizo liko wapi?

Tatizo lilikuja na Mzee Asukile.

Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mjane, aliyepooza upande mzima wa kulia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kushukuru, basi. Mwana aliyebaki alikuwa mmoja tu, Lutengano, fundi cherehani wa soko la Mbalizi, mtu mpole mwenye kipimo cha nguo shingoni hata siku ya Jumapili. Lea alikwenda kwake pamoja na Ezekia, mwinjilisti, ambaye naye ni Mnyakyusa, ili amtafsirie pale Kiswahili kitakapokwama.

Kuhusu tafsiri hiyo walikuwa wamekwisha kugombana njiani. Ezekia alikuwa na tabia ya kupokea sentensi moja na kutoa mahubiri. Lea akamwambia waziwazi, "Mwinjilisti, nikisema neno, tafsiri neno. Wakisema wao, nipe walichosema. Usipunguze, usiongeze." Ezekia akaumia kidogo, akaendelea kuisukuma baiskeli yake kwenye ukungu.

Nyumbani kwa Lutengano, mkewe Tupokigwe hakutoka kukaa nao. Aliketi nyuma ya mlango, mgongo kwa wageni, na mara Mzee Asukile alipotajwa tu akajivuta ndani zaidi. Lea akasema moyoni, haya, huyu ana aibu ya kitoto, itamtoka.

"Baba yako atakaa hapa," alimwambia Lutengano. "Kile kibanda cha nyuma kinatosha, kipakwe udongo upepo usiingie. Wewe unashinda sokoni. Mkeo yuko nyumbani. Atamlisha, atamgeuza, atamwogesha. Tumeelewana?"

Lutengano aliangalia vidole vya miguu yake. Ezekia akakohoa kikohozi kirefu cha mtu mwenye la kusema. Lea akamtazama kwa jicho la usiongeze, kikohozi kikaisha.

"Ndiyo, mama," alisema Lutengano.

Lea akaondoka ameridhika. Katika watu wote waliokuwepo pale, asiyejua kilichosemwa alikuwa yeye peke yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na huruma ya kumwambia.

Aliporudi na Ezekia baada ya majuma machache, harufu ilimpokea kabla ya wenyeji. Mzee Asukile alikuwa amelala upande ule ule aliolazwa asubuhi na mwanawe, shuka limelowa, mbavu zinahesabika. Mlangoni kulikuwa na bakuli la uji, na ndani ya bakuli kulikuwa na kuku wawili wakila kwa starehe zao. Uji uliwekwa pale ambapo mkono mzima wa mzee usingefika hata kwa miujiza.

"Tupokigwe!" Lea aliita. Sauti ikaenda, ikarudi. "Tupokigwe, we!"

Akamkuta nyuma ya migomba, anachambua maharage, na kila mzee alipokohoa kule kibandani yeye alishtuka na kuvuta kaniki kichwani.

"Unawalisha kuku ama unamlisha mkweo?"

"Namwekea, mama. Kila siku namwekea."

"Unamwekea! Ana mkono mmoja, atambae kama mtoto? Haya, nimemletea sukari. Koroga uji mwingine, utie sukari, umlishe mimi nikiona."

"Nitie... hii?" Tupokigwe alikiangalia kifurushi.

"Sukari."

"Hii ya chai."

"Inaitwa sukari. Sema sukari."

"Ya chai, mama," alisema Tupokigwe kwa sauti ya kilio, na wala hakusogea.

Lea alihisi damu inampanda kichwani. Alikuwa ameacha nguo zake kwenye beseni, ametembea kutoka barabara kuu kwenye matope, na sasa anabishana na mwanamke mzima juu ya jina la sukari. Akavuta pumzi, akachuchumaa mbele yake, akalainisha sauti kadiri ilivyokubali kulainika.

"Mwanangu, niambie ukweli. Kwa nini humsogelei?"

"Namwogopa, mama."

"Unamwogopa? Amekupiga?"

Akatikisa kichwa.

"Amekutukana?"

Akatikisa tena, machozi yanamlengalenga. "Namwogopa tu. Tangu nimeolewa namwogopa. Hata jina lake siwezi kutaja. Akipita njia hii, mimi napita ile. Akiwa hapa, mimi najificha."

Lea akasimama polepole. Alikuwa amewahi kusikia habari za wazee wa namna hiyo. Alimtazama huyu mwanamke mdogo, mwembamba, anayejificha kwenye migomba ya nyumbani kwake mwenyewe, na moyo wake ukageuka. Alimwonea huruma mpaka akamsamehe habari za sukari.

Akaingia kibandani na Ezekia nyuma yake.

"Mwulize," alisema. "Mwulize amemfanya nini Tupokigwe."

Ezekia akamtazama mzee. "Mama Kalinga, swali hilo, kwa mtu mzima kama huyu..."

"Tafsiri. Usiongeze."

Ezekia akatafsiri. Mzee Asukile, ambaye mpaka hapo alikuwa akimtazama Lea kwa jicho la shukrani, alibadilika uso. Kwa mkono wake mzima akavuta blanketi, akajifunika kichwa chote kama maiti. Chini ya blanketi yakatoka maneno machache.

"Anasemaje?"

"Anasema jina hilo lisitajwe mbele yake."

Kwa Lea hukumu ilikuwa imekwisha kutoka. Hakuhitaji shahidi mwingine. Alitoka nje, akaenda moja kwa moja sokoni kwa Lutengano na kumwambia, mbele ya cherehani na mbele ya wateja, kwamba baba yake hawezi kukaa tena nyumba moja na mkewe. Kulikuwa na masista wenye makao ya wasiojiweza, mbele ya Iringa, njia ya kwenda Idodi. Lea aliwafahamu. Wangempokea mzee, wangemlisha, wangemweka safi. Silvester, dereva wa lori, angembeba akienda Iringa na kumfikisha huko.

"Huko kuna Wanyakyusa, mama?" aliuliza Lutengano.

"Kuna Wahehe, kuna Wabena. Kuna watu."

"Nani ataongea naye?"

"Mungu ataongea naye," alisema Lea, na hakuona haya.

Lutengano akashika kipimo chake shingoni kwa mikono miwili. "Ndiyo, mama," alisema.

Mzee Asukile alipoambiwa, hakubisha. Alimwomba Ezekia jambo moja tu: kama atafia huko kwenye lugha ya watu, je, itawezekana mwili urudishwe? Ezekia akalitafsiri neno kwa neno. Lea akasema wataona. Mbeya na Iringa siyo jirani, na yeye alijua vizuri maana ya "tutaona", kwa sababu alikuwa akiisema mwenyewe.

Siku ya safari lori lilifika mapema, limejaa mikungu ya ndizi ya kupeleka Iringa. Silvester alikuwa kijana wa Kihehe mwenye kofia ya pama na haraka ya kudumu.

"Kamwene, mama," alimwamkia Lea kikwao. "Tufanye upesi. Lazima nipite Ubaruku, nipakie mchele, na daraja la kule si la kuamini jioni."

Lutengano na Ezekia walimbeba mzee wakamlaza nyuma, juu ya majani makavu, kati ya mikungu. Alikuwa mwepesi. Ezekia alimfunika blanketi. Lea akapanda naye nyuma, maana alikuwa ameamua kumfikisha yeye mwenyewe mpaka mikononi mwa masista; lawama za nusu nusu hakuzitaka. Silvester akawasha gari.

Ndipo kilio kilipotoka nyuma ya nyumba.

Hakikuwa kilio cha mtu aliyejikwaa. Kilikuwa kilio cha msiba, kile cha kuita majirani, kinachopanda na kushuka, na ndani yake neno "tata, tata", baba, baba, linarudi na kurudi. Watu wakaanza kuchungulia kutoka nyumba za jirani. Lea akashuka, akazunguka nyumba mbio, akamkuta Tupokigwe ameketi chini kwenye majivu, mikono kichwani.

"Sasa unalia nini?" alifoka. "Nimekuondolea hofu yako! Anakwenda! Si ulisema unamwogopa?"

"Namwogopa, mama!"

"Basi?"

"Namwogopa sana! Namwogopa vizuri!" Tupokigwe alipiga majivu kwa kiganja. "Nimemwogopa miaka yote, sijakosea hata siku moja. Sijamtazama. Sijataja jina. Hata kitu kinachofanana na jina sijataja. Nimefanya ubaya gani mpaka mnaniondolea baba?"

"Unamwogopa vizuri," Lea alirudia.

"Ni baba mwema, mama. Asingekuwa mwema, ningemwogopa hivi?"

Lea akageuka. Ezekia alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, kofia mkononi, anaonekana kama mtu aliyetegemea ardhi ipasuke na ardhi imekataa.

"Mwinjilisti," alisema Lea, kwa sauti ndogo iliyowatisha wote kuliko ile kubwa. "Kuogopa ni nini kwenu?"

"Ni ukutila, mama."

"Na ukutila ni nini?"

"Ni kuogopa." Akaigeuza kofia. "Na kuheshimu. Ni neno moja. Mwanamke na baba wa mume wake, hawatazamani. Hawakai chumba kimoja. Jina lake halitaji. Wa kwetu wote tunajua. Ndiyo maana zamani wazee walikaa kijiji chao na vijana kijiji chao. Mwanamke akiacha kumwogopa mkwe wake, amemtukana. Amewatukana na wazee waliokufa."

"Asukile," alisema Lea taratibu. "Sukari."

Ezekia akatikisa kichwa kukubali. Kule kwenye majivu Tupokigwe aliziba masikio.

"Na lile swali nililomwuliza mzee. Kwamba amemfanya nini."

"Lilikuwa swali baya sana, mama."

"Na wewe ukalitafsiri!"

"Uliniambia nisiongeze."

Lea alitafuta kitu cha kupiga, akapata hewa tu. Alikuwa na hasira na Ezekia, na Lutengano, na wote waliokuwa wakikubali kila kitu huku wanajua hakiwezekani. Lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na aibu, na aibu ilikuwa yake peke yake. Alikuwa amesimama mbele ya mzee asiyeweza kuinuka, akampaka uchafu usio wake mpaka akajifunika blanketi. Alitamani kuingia ndani ya majivu na yeye.

Honi ikalia. "Mama Kalinga!" Silvester alipaza sauti. "Tunakwenda ama hatuendi? Daraja halinisubiri mimi!"

"Kaa kimya, Silvester!"

Akamgeukia Lutengano, aliyekuwa amefika na kujibanza nyuma ya Ezekia. "Na wewe. Ulijua mkeo hawezi. Siku ile ya kwanza ulijua. Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Ulikuwa mgeni, mama," alisema Lutengano. "Umetoka mbali. Mgeni anakatazwaje?"

"Baba yako alikuwa anakufa kwa njaa kwa sababu ya adabu kwa mgeni?"

"Nilikuwa namlisha jioni nikirudi."

"Na mchana?"

"Mchana nina nguo za watu."

"Nguo za watu! Mzee analala kwenye mkojo kwa sababu ya suruali za watu! Sikiliza, Lutengano. Kuanzia leo wewe utamwogesha, asubuhi kabla ya cherehani na jioni baada ya cherehani. Wewe ni mwanawe, huna wa kumwogopa. Cherehani yenyewe uihamishie hapa, wateja wana miguu. Lakini wewe nakujua. Siku ya soko utakimbia. Siku hiyo atakula kwa mkono wa nani? Nijibu. Na usinijibu kwa adabu!"

Lutengano alimtazama mkewe. Tupokigwe alikuwa ameinuka. Kilio kilikuwa kimekatika, na uso wake umejaa majivu. Akaingia jikoni, akatoka na bakuli la uji na kijiko, akajitanda kaniki mpaka machoni. Halafu akageuka, akampa mgongo yule mzee aliyeko kule kwenye lori, akaanza kurudi kinyumenyume.

Alitembea hivyo uwanja mzima, akipapasa njia kwa kisigino, bakuli amelishikilia kifuani. Majirani waliokuwa wanachungulia wakashika vinywa. Bibi mmoja akasema "Mwe!" na kugeuza uso. Silvester alizima gari, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mzee Asukile alisikia nyayo. Alinyanyua kichwa kidogo juu ya majani, akaona mgongo wa kaniki unakuja kwake, na mara hiyo hiyo akafumba macho. Akasema neno na mkono wake mzima ukapapasa kifuani kwake mpaka ukapata leso yake kuukuu.

"Anasemaje?" aliuliza Lea. "Ezekia, anasemaje? Ongeza ukitaka!"

Ezekia alikuwa amekwisha kurukia lori. Alikuwa anaifunga ile leso machoni pa mzee, fundo nyuma ya kichwa.

"Anasema yeye amekuwa kipofu," alisema. "Anasema tumwambie mke wa mwanawe kwamba kuanzia leo baba ni kipofu. Kipofu hamtazami mtu."

Lea alimsaidia Tupokigwe kupanda. Alipofika juu, mwanamke yule aligeuka, lakini hakuinua macho. Aliyakaza kwenye bakuli, akachota uji, akapeleka kijiko mbele bila kuangalia kinakokwenda. Kikagonga pua. Uji ukatiririka kwenye ndevu nyeupe.

"Chini," alisema Lea. Bado alikuwa na hasira. "Chini kidogo. Siyo hapo, hilo ni sikio, jamani! Kulia. Hapo. Mzee, fungua mdomo."

Mzee akafungua. Akala. Kijiko cha pili kilipotea tena, na Lea akakielekeza tena, akinung'unika kwamba hajapata kuona watu wagumu hivi tangu azaliwe, huku machozi yakimdondoka mpaka kidevuni na yeye hana habari ya kuyafuta. Uji ulipomiminika zaidi, Tupokigwe akasahau, akanyoosha mkono na kumfuta mkwe wake mdomo kwa vidole vyake.

Alishtuka, akaganda. Mzee naye akaganda. Kisha yule mzee aliyefungwa macho akasema maneno mawili matatu kwa Kinyakyusa, polepole, kwa mshangao wa kweli. Tupokigwe akaachia cheko fupi lililotoka pamoja na kilio, akaziba mdomo.

"Anasemaje?" aliuliza Lea.

Safari hii Ezekia hakuongeza wala hakupunguza.

"Anasema mkono ni mdogo. Kwa wingi wa chakula alichokuwa anapikiwa miaka yote, alidhani mwanawe ameoa mwanamke mkubwa."